Waliomwosha Tabitha

Somo la wiki kwa ushirika wa nyumbani. Soma kwanza Matendo 9:36-42, Yohana 11:17-31 na Ayubu 2:11-13.



Habari ya Tabitha wa Yafa tumeihubiri miaka mingi, na karibu kila mara mhubiri hukimbilia mwisho wake: Petro amepiga magoti, Tabitha amefungua macho, kanisa linapiga makofi na vigelegele. Amina. Lakini wiki hii naomba tukae kidogo kwenye mstari wa 37, wakati Petro bado yuko Lida na hajui lolote. Tabitha ameugua na kufa, na kuna watu wamemwosha wakamlaza chumba cha juu. Luka hakuandika majina yao. Desturi ya Wayahudi ni kwamba mwanamke huoshwa na wanawake wenzake, kwa hiyo mimi nawaona pale wajane wale wale ambao baadaye walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hawakujua kama kuna muujiza njiani. Walimwosha kama mtu wa kuzikwa, kwa sababu alikuwa wao.

Kazi ile haikukoma Yafa. Katika miji mingi yenye Wayahudi, kuanzia Yerusalemu hadi New York, kuna kikundi kinachoitwa hevra kadisha, yaani chama kitakatifu. Mji wa Prague ulikuwa nacho tangu 1564, na kati ya michoro iliyochorwa huko karne ya 18 kuonyesha kazi za chama hicho, kuna unaoonyesha wanawake wakishona sanda. Kwa kawaida hawa si watu wa kulipwa. Ni walimu, wauguzi, wenye maduka, nyanya waliostaafu. Simu inalia, wanaambiwa fulani ametuacha, na wanne au watano wanaacha walichokuwa wakifanya na kwenda.

Wanachokwenda kufanya kinaitwa tahara. Neno hilo ni ndugu wa neno letu "tohara", ambalo asili yake ni usafi. Wanaanza kwa maombi. Kisha wanauosha mwili wa marehemu wakianzia kichwani, na hawaufunui wote: wanafunua sehemu wanayoiosha, halafu wanaifunika tena. Hawapitishi kitu juu yake, wanazunguka. Hakuna porojo. Baadaye wanammiminia maji mengi bila kukatika, ndoo moja ikikaribia kwisha nyingine imeshaanza. Wanamkausha na kumvalisha nguo nyeupe za kitani au pamba, nguo zisizo na mifuko. (Kwa nini hazina mifuko? Jibuni wenyewe hapo ushirikani.) Mwisho wanamwita dada huyo kwa jina lake na kumwomba msamaha, iwapo katika kumhudumia wamemkosea heshima kwa lolote. Kisha wanaondoka kimya kimya. Mara nyingi hata familia haijui ni nani na nani walioingia chumba kile.

Huduma hii wanaiita hesed ya kweli, yaani wema wa kweli. Wamelitoa jina hilo katika Mwanzo 47:29, pale mzee Yakobo anapomsihi Yusufu asimzike Misri. Walimu wao wanaeleza hivi: wema mwingine wowote unaomfanyia mtu, hata kama hutaki malipo, kuna kapembe ka moyo kanakotazamia kwamba siku moja atakukumbuka. Maiti hakumbuki. Hatakuja kwenye harusi ya mtoto wako na bahasha, wala hatakutaja jina kwenye maikrofoni. Ndiyo maana wema kwake ni wema mtupu.

Najua kuna mpendwa anayeuliza: hawa watu hawamkubali Yesu kuwa Masihi, sisi tuliookoka tutajifunza nini kwao? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba Bwana wetu alilelewa katika desturi hizi hizi na hakuzidharau. Angalia Yohana 11. Lazaro ana siku nne kaburini, na nyumba ya Martha na Mariamu bado imejaa Wayahudi waliotoka Yerusalemu kuja kuwafariji. Kwa nini bado wapo siku ya nne? Kwa sababu maombolezo yao ni siku saba. Martha anatoka kumlaki Yesu, lakini Mariamu ameketi nyumbani, kama mfiwa anavyoketi. Zile siku saba wanaziita shiva, na maana ya neno hilo ni saba tu. Yesu aliingia katikati ya shiva, akawakuta wafariji, hakuwafukuza. Akalia nao.

Sasa sehemu iliyonigusa zaidi. Katika Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa mafundisho ya marabi, kuna habari ya vikapu. Zamani chakula kilipelekwa nyumba ya msiba kila mtu kwa chombo chake. Tajiri alipeleka kwa vikapu vya fedha na dhahabu, maskini kwa vikapu vya vijiti vya mti vilivyobanduliwa maganda. Maskini wakaona haya. Basi waalimu wakaamua kwamba kuanzia siku hiyo wote, tajiri kwa maskini, watapeleka kwa vikapu vya vijiti. Hawakuwachangia maskini wanunue vikapu vya fedha. Waliwashusha matajiri.

Ikawa hivyo hivyo na sanda. Gharama ya kumvalisha marehemu ilikuwa imepanda mpaka ikawauma ndugu kuliko kifo chenyewe, na wengine wakafikia kuiacha maiti na kukimbia. Ndipo Rabani Gamalieli, wa ukoo ule ule wa mwalimu wa Paulo, akaagiza kwamba yeye azikwe kwa kitani cha kawaida. Alikuwa mtu mkubwa, angeweza kuvikwa chochote. Baada yake watu wote wakafuata, na ndiyo sababu hadi leo bilionea wa Kiyahudi na mama muuza mboga wanavalishwa nguo za namna moja.

Nikisoma hayo nafikiria grupu zetu za WhatsApp za mazishi. Mnazijua. Orodha inatumwa upya kila saa: namba moja, mheshimiwa fulani, 20,000, namba mbili, 10,000, na chini kabisa mama mmoja, 100. Kuna akina mama katika kanisa hili ambao hawatumi kitu, si kwa kuwa hawana hiyo mia, ila hawataki ionekane. Hicho ndicho kikapu cha fedha cha siku hizi. Harambee ni baraka, na sitaki mtu aondoke na somo hili akidhani nazipinga. Bili ngapi za hospitali zingelipwa na nani? Ninachokataa ni ile orodha.

Turudi kwenye chakula. Mfiwa wa Kiyahudi akitoka makaburini haruhusiwi kula mlo wa kwanza kutoka jikoni kwake. Lazima jirani alete. Kwa desturi wanaleta mayai na kamande, hizo ambazo Biblia yetu inaziita dengu. Walimu wao wanasema kamande ni duara kama gurudumu, na huzuni nayo huzunguka, leo kwangu kesho kwako. Tena haina mdomo kama kunde ilivyo na jicho lake, na mfiwa naye hana mdomo, hana la kusema. Wanaongeza kwamba siku ile Esau aliyouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza, Abrahamu alikuwa amefariki, na Yakobo alikuwa akimpikia baba yake Isaka chakula cha msiba. Maandiko hayasemi hivyo, lakini ni tafsiri nzuri, sivyo?

Siku zote saba wanawake wa sinagogi wanagawana zamu: huyu chakula cha Jumatatu, yule cha Jumanne, mwingine kuosha vyombo, mwingine kukaa na watoto. Mlango hauwekwi komeo, mgeni habishi hodi. Mfiwa ameketi kwenye kigoda kifupi na hainuki kumpokea mtu. Mgeni naye hafungui mdomo mpaka mfiwa aanze. Hilo limetoka kwa rafiki zake Ayubu, ambao walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri sana! Shida ilianza sura ya 4, Elifazi alipoanza kuhubiri.

Na maiti haachwi peke yake mpaka azikwe. Kuna anayeketi karibu. Mnamkumbuka Rispa wa 2 Samweli 21, aliyewafukuza ndege na wanyama kwenye miili ya wanawe. Tarehe 27 Oktoba 2018, Jumamosi asubuhi, mtu mwenye bunduki aliwaua waumini 11 ndani ya sinagogi huko Pittsburgh, Marekani. Wajitolea walipokezana kukaa karibu na miili ile mpaka ilipozikwa. Kikundi hakikuundwa siku hiyo. Kilikuwapo tayari, kikihudumia wazee waliokufa vitandani mwao, na siku ya balaa ilipofika kila mtu alijua zamu yake.

Huko huko Marekani, Rebecca Gratz na akina mama wenzake walianzisha mwaka 1819 mjini Philadelphia chama cha wanawake wa Kiyahudi cha kuwasaidia wanawake wenye shida, cha kwanza cha aina hiyo nchini humo. Hakuwahi kuolewa. Dada yake Rachel alipofariki mwaka 1823 akaacha watoto wadogo, Rebecca aliwachukua akawalea. Wasiomjua wataona kama mambo mawili, chama na watoto. Mimi naona moja.

Kwetu mambo ya jikoni yamegeuka. Mfiwa ndiye mwenyeji. Kamati inakutana kwake jioni, na kamati lazima inywe chai. Kuna dada kati yetu, simtaji, aliyezika mume wake akiwa na deni la dukani la mkate, sukari na maziwa ya wageni waliokuja kumfariji. Tenti ilipokunjwa Jumamosi, Jumapili alikuwa peke yake na sufuria za kurudisha. Wiki zile za baada ya mazishi ndizo anasema zilikuwa ndefu.

Sisemi tuige tahara. Sisi miili yetu inakaa mochari wiki nzima au mbili, na kazi ya kuosha ina wenyewe, ingawa kwenda kumvalisha dada yetu tunaweza, na wengine mmefanya hivyo bila kutangaza. Lakini kikapu cha vijiti tunaweza. Viongozi wa akina mama wamekubaliana kwamba mchango wa msiba kutoka kwetu utapitia mkono mmoja, wa mweka hazina, na utapelekwa kwa familia kama jumla moja, bila majina na bila orodha. Aliyetoa 100 na aliyetoa 20,000, Mungu anajua na mweka hazina anajua, na mweka hazina ameapa kunyamaza. Pili, atakayekwenda matanga abebe: unga, majani, maziwa, au chakula kilichoiva. Tutapika kwetu, tutaosha vyombo, na tutaendelea siku saba baada ya mazishi, wakati wageni wa mbali wamekwisha kwenda zao.

Daftari la zamu liko kwa katibu wa akina mama, meza ya pili ukitoka mlango wa kushoto. Wiki hii tuna nyumba mbili zenye msiba. Jumatatu hadi Jumatano zimejaa. Alhamisi, kwa nyumba ya pili, bado hakuna aliyejiandikisha.