Ratiba Kwanza, Bingwa Baadaye

Nani alianzisha soka la ligi?

Muuza vitambaa. William McGregor, Mskoti aliyekuwa na duka Birmingham, alikuwa pia mmoja wa viongozi wa Aston Villa. Machi 2, 1888 aliziandikia barua klabu chache, akipendekeza timu kumi au kumi na mbili zipangiane mechi za nyumbani na ugenini kila msimu. Aprili 17 mwaka huohuo, kikao cha Manchester kikaizaa Football League.

Kwani kabla ya hapo mpira haukuchezwa?

Ulichezwa sana, ila kwa kubahatisha. Kombe la FA, lililoanza 1871, lilikuwa la mtoano: ukifungwa leo, umemaliza. Siku nyingine zilijazwa mechi za kirafiki, na hizo zilivunjwa wakati wowote mpinzani alipopata mwaliko mnono zaidi. Mashabiki walifika uwanjani wakakuta hakuna mchezo, na bila mashabiki hakuna viingilio. Hasara hiyo iliuma zaidi tangu 1885, wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa rasmi, kwa sababu mshahara ulidaiwa mechi iwepo isiwepo.

Kwa hiyo kilichotafutwa kwanza kilikuwa ratiba isiyovunjika. Bingwa alikuja baadaye, tena kwa kuchelewa: mechi zilianza Septemba 8, lakini utaratibu wa kuhesabu pointi ulikubaliwa Novemba!

Nani walicheza msimu huo?

Klabu 12, sita za Lancashire na sita za Midlands. London haikuwa na hata moja. Kusini bado walishikilia soka la ridhaa. Preston North End walicheza mechi 22, wakashinda 18, wakatoka sare nne na wasifungwe hata moja. Kombe la FA nalo wakalibeba bila kuruhusu bao.

Na nchi nyingine zilianza lini?

Italia ilimpata bingwa wake wa kwanza, Genoa, Mei 8, 1898, kwa mashindano ya siku moja mjini Turin. Serie A ya kundi moja la taifa zima ilisubiri hadi 1929, mwaka ambao La Liga ilianza Hispania na klabu kumi. Ufaransa ilifuata 1932. Kati ya hizo, Ujerumani ndiyo iliyojivuta zaidi: iliendelea na ligi za kanda hadi Bundesliga ilipoanza Agosti 1963. Timo Konietzka wa Borussia Dortmund alifunga bao la kwanza kabla ya dakika moja kwisha, na hakuna kamera iliyolinasa.

Na Premier League ya 1992?

Fedha tena, safari hii za televisheni. Klabu 22 za daraja la juu zilijitenga ili ziuze zenyewe haki za matangazo. Kati ya zile 12 za 1888, zilizokuwemo katika msimu wa kwanza wa Premier League ni tatu tu: Aston Villa, Blackburn Rovers na Everton. Preston walikuwa ngazi ya tatu, na msimu ulipoisha wakashuka.