Majimaji ya Ukeni: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya

Kila mwanamke aliyevunja ungo hutokwa na majimaji ukeni. Si maradhi, na si dalili kwamba hajui kujisafisha. Uke hujisafisha wenyewe kwa majimaji hayo, na ndani yake wamo bakteria walinzi wanaotengeneza asidi. Uke wenye afya huwa na pH ya kati ya 3.8 na 4.5, kiwango kinachozuia vijidudu vingi vya maradhi. Anayeyaogopa majimaji ya kawaida huishia kujidhuru; anayeyazoea ya maradhi huchelewa hospitali. Zingatia haya.

FANYA

1. Yajue majimaji yako. Katikati ya mzunguko, yai linapokaribia kutoka, huwa mengi, maangavu na ya kuvutika kama ute wa yai la kuku. Baadaye hupungua na kuwa mazito, meupe. Yakikauka kwenye chupi huacha doa la manjano hafifu. Wakati wa ujauzito huongezeka. Maadamu hakuna mwasho, maumivu wala harufu mbaya, tulia.

2. Osha nje tu, kwa maji safi. Ukitoka chooni, jifute kutoka mbele kwenda nyuma. Vaa chupi ya pamba, na uianike juani.

3. Nenda kituo cha afya ukiona mabadiliko haya:
– Meupe, mazito, yenye mabonge na mwasho mkali: mara nyingi ni fangasi. Wakirudi mara kwa mara, pima sukari na VVU.
– Ya kijivu, mepesi, yenye shombo hasa baada ya tendo la ndoa: mara nyingi bakteria walinzi wamezidiwa na wengine.
– Ya manjano au kijani, yenye povu: huenda ni trikomona, ugonjwa wa zinaa.
– Usaha pamoja na maumivu chini ya kitovu au homa: huenda kisonono au klamidia imepanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Usilale nayo.

4. Nenda siku hiyo hiyo ikiwa u mjamzito na maji yanachuruzika, au umejifungua, au mimba imeharibika, kisha ukapata homa na majimaji yanayonuka. Mtoto wa kike ambaye hajabalehe akitokwa na majimaji yenye harufu au damu, mpeleke bila kumkaripia. Huenda kuna kitu kimeingia ukeni, au kuna mtu amemdhuru.

5. Kubali kupimwa. Muuguzi atakulaza kitandani, atafungua uke taratibu kwa kifaa maalumu ili auone mlango wa kizazi, kisha atachukua majimaji kidogo kwa kijiti chenye pamba yakaangaliwe kwa hadubini. Ukiona haya, omba uhudumiwe na mwanamke. Rangi peke yake haitoshi kuujua ugonjwa.

6. Chunguza saratani ya mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza ukiwa na miaka 30, na 25 kwa anayeishi na VVU. Njia moja ni kupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi haingoji zamu ya uchunguzi: kamuone daktari.

USIFANYE

1. Usiingize kitu ukeni kwa kisingizio cha usafi au kubana: si sabuni, si ndimu, si maji ya chumvi, si kitunguu saumu, si shabu. Hivyo huwaua walinzi na kuchubua ngozi laini ya ndani, na ngozi iliyochubuka hurahisishia VVU kuingia.

2. Usinunue dawa ya "PID sugu" (PID ni maambukizi ya kizazi na mirija yake) au "fangasi sugu" kwa anayepiga kipaza sauti stendi, wala kwa anayetuma picha za chupa kwenye simu. Hajakuuliza hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, hajui kama una mimba, hajakupima chochote.

3. Usimeze dawa iliyomsaidia rafiki yako. Metronidazo haiui fangasi, na antibiotiki isiyohitajika huwapa fangasi nafasi ya kustawi.

4. Usikatishe dozi kwa sababu mwasho umekoma.

5. Usitibiwe peke yako ugonjwa wa zinaa. Mwenzi asipotibiwa atakurudishia. Msikutane kimwili hadi nyote mmalize dawa na mhudumu awaruhusu.

6. Usidhani ukimya wa mwili ni uzima. Klamidia mara nyingi haina dalili yoyote. Mwenye mwenzi mpya, au mwenye mwenzi aliyeugua, apime.

7. Mume, mama, wifi: msimwite mgonjwa mchafu wala malaya. Fangasi humpata hata binti ambaye hajawahi kukutana na mwanamume. Matusi ndiyo yanayomfanya afiche, na kwa kufichwa maambukizi ya kutibika kwa vidonge huziba mirija, yakaleta ugumba au mimba nje ya kizazi. Msindikizeni kituoni.