Figo na Mizania ya Maji: Kwa Nini Mganga Huuliza Kuhusu Mkojo

Mama wa Mugoma, wilayani Ngara, anapomfikisha zahanati mtoto anayeharisha, miongoni mwa maswali ya kwanza anayoulizwa ni hili: mtoto amekojoa lini mara ya mwisho? Baadhi ya wazazi hulishangaa, kwani kilichowaleta ni ugonjwa wa tumbo. Makala hii inaeleza uzito wa swali hilo.

Kazi ya figo

Takribani asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji. Kwa mtoto mchanga, kiwango hicho hufikia asilimia 75. Mlinzi wa maji hayo ni figo mbili, kila moja ikiwa na vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja majimaji ya damu yapatayo lita 180, lakini mkojo unaotoka ni lita moja hadi mbili tu. Yaliyosalia hurudishwa katika damu.

Sehemu kubwa ya maji hurudi bila kusubiri amri. Sehemu ndogo inayobaki hupimwa kulingana na hali ya mwili. Mkulima akipalilia maharage juani, hutokwa na jasho, na damu yake huzidi kukolea chumvi. Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huhisi badiliko hilo, hata likiwa la asilimia moja au mbili tu. Humletea mtu kiu, na papo hapo huiamuru tezi ya pituitari kumwaga katika damu homoni iitwayo vasopresini. Homoni hiyo ikifika kwenye figo, hufungua vijilango vya maji katika mirija ya mwisho. Maji hurudi mwilini. Mkojo huwa mchache na wenye rangi iliyokolea. Peter Agre wa Marekani, aliyegundua protini za vijilango vya namna hiyo, alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Mtu akinywa maji mengi, vasopresini hupungua, na mkojo huwa mwingi na mweupe. Pombe nayo huizuia homoni hiyo, hata pale mwili unapohitaji kubana maji. Ndiyo maana anayekata kiu ya shamba kwa pombe ya ndizi hukojoa sana, kisha huamka na kinywa kikavu.

Mpaka wa uwezo wake

Figo hubana maji, haziyaumbi. Hata mtu aliyekaukiwa hana budi kutoa takribani nusu lita ya mkojo kwa siku ili kuondoa taka za damu. Za mtoto mchanga zina takribani nusu tu ya uwezo wa mtu mzima wa kubana maji.

Wazee wa Ngara wanawakumbuka wakimbizi wa Rwanda waliovuka Rusumo mwaka 1994. Mwezi Julai mwaka huohuo, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi wenzao katika kambi za Goma, ng'ambo ya pili ya Rwanda. Mgonjwa wa kipindupindu kikali aweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Hakuna figo, hata ikiwa nzima kabisa, inayoweza kufidia upotevu huo.

La kufanya nyumbani

Kumnyima maji mtoto anayeharisha ili kuharisha kukome ni kosa la hatari. Aendelee kunyonya, na apewe ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kidogo kidogo, mara kwa mara. Sukari iliyomo husaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata. Mhudumu wa afya atampa pia zinki, ya siku 10 hadi 14.

Asipokojoa kwa saa sita, akilegea, macho yakididimia, au ngozi ya tumbo ikifinywa ikawa inarudi polepole, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mkojo ukikoma, figo zimekwisha kubana zilichoweza. Kilichobaki ni maji kuletwa kutoka nje.