Nani Anasema, Nani Anaambiwa: Kufundisha Nafasi ya Mwanamke katika Fasihi

Mwanachuo atakayepelekwa Sitalike kwa mazoezi ya kufundisha atakuta watoto wanaowafahamu viboko wa Mto Katuma kuliko majahazi ya Pate. Kwa hiyo asianze somo hili kwa historia ya pwani. Aulize kwanza: jana jioni, nyumbani, nani alichota maji, na nani alishika daftari? Majibu yaandikwe ubaoni bila kutolewa hukumu.

Hapo ndipo aeleze kwamba mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane aliyekuwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wosia. Humo binti anafundishwa dini, adabu na namna ya kumtunza mume. Wako wanaoukataa utenzi huo kwa kuwa, wasemavyo, unamfunga mwanamke. Mimi naona wanafanya haraka. Mtunzi ni mwanamke, naye anamkabidhi mwanawe silaha zile alizokuwa nazo mwanamke wa zama zake. Zoezi lifaalo ni hili: wanafunzi wa Darasa la Saba watunge wosia wa mama, lakini mwambiwa awe mtoto wa kiume. Wavulana watacheka. Mwalimu awaache wacheke, kisha asome mmoja kwa sauti.

Wasifu wa Siti binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert, wastahili kipindi chake peke yake, hapa naupita.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, riwaya ya msichana wa Ukerewe. Haiwafai watoto wa shule ya msingi, na iliwahi hata kupigwa marufuku shuleni; lakini mwalimu hana budi kuisoma mwenyewe. Tukio moja laweza kusimuliwa darasani: Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Mama wa Pate alisema mengi. Baba huyu anatumia fimbo, na binti anaondoka nyumbani akiwa na hofu pasipo maarifa. Darasa liulizwe: Rosa alihitaji kuambiwa nini, na nani?

Swali hili si la kitabuni tu, kwani huenda darasani yumo msichana aliyekwisha kusikia habari za posa yake. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito arudi shuleni baada ya kujifungua. Mwalimu alitamke jambo hilo wazi, wavulana wakisikia. Na msichana akibaki nyuma kengele ikisha kulia, asikilizwe mlango ukiwa wazi, kisha apelekwe kwa mwalimu wa ushauri.