Imani Inapodai Jambo Gumu



Kila mwaka mwishoni mwa Mei, sisi wa upande wa Kwapa, katika Tororo, twawaona mahujaji kutoka Kenya wakivuka mpaka wa Malaba. Waenda kwa miguu hata Namugongo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Wengi humtaja Karoli Lwanga au Kizito. Mimi nataka leo tujifunze kwa Mbaga Tuzinde.

Mbaga alikuwa kijana wa miaka kama 17, mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, hatari ilipokuwa imekaribia, Lwanga alimbatiza huko Munyonyo, pamoja na wenzake watatu. Kulipokucha, walihukumiwa kufa.

Tazameni sasa ugumu wake. Mkuu wa wale walioua watu kwa amri ya Kabaka alikuwa Mukajanga, jamaa yake Mbaga, aliyemtunza kama mwanawe. Siku zile za kungoja Namugongo, jamaa walimsihi aikane imani, au akubali tu kufichwa. Akakataa. Tarehe 3 Juni Mukajanga aliamuru apigwe shingoni afe kwanza, asipate uchungu wa moto. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake.

Naona hapa mafundisho mawili. La kwanza, kumtumaini Mungu si kuwa na hakika ya kuokoka. Mbaga aliziona kuni zikikusanywa, wala hakujua mkono wa kumwokoa utatoka wapi. Alimtumaini Mungu mwenyewe, hata bila kupona.

La pili, si kila jambo gumu latoka kwa Mungu. Mwaka 2023, huko Shakahola katika Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge chakula ili wamwone Mungu. Na watoto wadogo walikuwamo. Mbaga alitoa uhai wake mwenyewe, hakutoa wa mtu mwingine. Wala hakumchukia yule aliyemlea.

Basi, mtu akikuambia kwamba imani yako yadai jambo gumu, usikimbie upesi, wala usikubali upesi. Uliza kwanza: ni nani atakayelipa? Ikiwa ni wewe, kwa ajili ya kweli, simama imara. Ikiwa ni mtoto au mnyonge, kataa, nako kukataa huko ni imani.