Nani Amelipa Kodi? Acha Makro Ikutafutie Malipo Kwenye Taarifa Yako ya Paybill



Ukiwa na ploti mtaani Fedha, hapo kando ya Outer Ring Road, unajua vile tarehe 5 ya mwezi hukaa. Ujumbe unaingia mmoja baada ya mwingine: huyu amelipa yote, yule ametuma nusu, mwingine ameandika jina lake badala ya namba ya nyumba. Msimamizi naye anauliza abishe mlango gani. Ukikosea hapo, unamdai mtu aliyelipa, tena mbele ya watoto wake na majirani. Hiyo si hesabu tu, ni heshima ya mtu.

Somo la leo litakuonyesha jinsi ya kutumia makro ya Excel kutafuta kila malipo na kuyanakili hadi kwenye laha inayofaa. Makro ni maagizo unayoandika mara moja, kisha kompyuta inayarudia kila unapoyaendesha. Utahitaji kompyuta, kwa sababu Excel ya simu haiendeshi makro.

Kwa nini VLOOKUP pekee haitoshi

Wengi wetu tumezoea fomula ya VLOOKUP. Ni nzuri, lakini kwenye kodi ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza: ikipata jibu, inasimama hapo hapo. Tuseme kodi ya nyumba B4 ni shilingi 14,000. Mpangaji ametuma 9,000 tarehe 3, halafu 5,000 tarehe 6. VLOOKUP itakuletea malipo moja tu. Laha itasema anadaiwa, na kumbe amemaliza.

Mtego wa pili: usipoweka 0 au FALSE mwishoni mwa fomula, Excel inaweza kukuletea jibu la kukaribiana badala ya lile lenyewe. Hapo pesa za B3 zinahesabiwa kuwa za B4, na wapangaji wawili wanakosana na wewe kwa siku moja.

Hatua ya 1: Tayarisha laha nne

Fungua faili mpya ya Excel, uipe laha hizi:

- Nyumba: safu ya A ni namba ya nyumba, B jina la mpangaji, C kodi. Andika namba kwa mtindo mmoja: herufi kubwa, bila nafasi wala kistari, yaani B4.
- Taarifa: hapa utabandika malipo ya mwezi.
- Daftari: malipo yaliyopata nyumba yake.
- Utata: malipo ambayo hayajapata mwenyewe.

Kwenye laha zote nne, mstari wa kwanza ni wa vichwa.

Hatua ya 2: Bandika taarifa

Pakua taarifa ya Paybill yako. Ina safu nyingi, lakini sisi tunataka nne tu, kwa mpangilio huu: Receipt No. iwe A, Completion Time iwe B, Paid In iwe C, na A/C No. iwe D. Hiyo A/C No. ndiyo namba ya akaunti aliyoandika mpangaji mwenyewe wakati wa kulipa.

Kabla ya kuziacha zile safu nyingine, pitia Withdrawn. Malipo yaliyorudishwa kwa mtumaji huonekana huko. Ukiyapuuza, utahesabu pesa ambazo huna tena.

Hatua ya 3: Weka makro

Bonyeza Alt na F11, chagua Insert, kisha Module, halafu uandike hivi:

```
Sub NakiliMalipo()
  Dim t, n, d, u, lengo, wf, i, r, nyumba, risiti
  Set wf = Application.WorksheetFunction
  Set t = Sheets("Taarifa")
  Set n = Sheets("Nyumba")
  Set d = Sheets("Daftari")
  Set u = Sheets("Utata")
  For i = 2 To t.Cells(t.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
    risiti = t.Cells(i, 1).Value
    nyumba = UCase(Replace(Replace(t.Cells(i, 4).Value, " ", ""), "-", ""))
    If t.Cells(i, 3).Value > 0 Then
      If wf.CountIf(d.Columns(1), risiti) + wf.CountIf(u.Columns(1), risiti) = 0 Then
        If wf.CountIf(n.Columns(1), nyumba) = 1 Then
          Set lengo = d
        Else
          Set lengo = u
        End If
        r = lengo.Cells(lengo.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1
        lengo.Cells(r, 1).Resize(1, 4).Value = t.Cells(i, 1).Resize(1, 4).Value
        If lengo.Name = "Daftari" Then lengo.Cells(r, 4).Value = nyumba
      End If
    End If
  Next i
End Sub
```

Hifadhi faili kwa aina ya .xlsm. Ukihifadhi kwa .xlsx ya kawaida, makro itapotea. Kuiendesha, bonyeza Alt na F8, chagua NakiliMalipo, kisha Run.

Inafanya nini hasa?

Inasoma taarifa mstari kwa mstari. Mistari isiyo na pesa zilizoingia, kama ile ya makato, inarukwa. Mpangaji akiandika "b 4" au "B-4", inasafishwa na kuwa B4. Kisha inatafuta nyumba hiyo. Ikiipata, inanakili malipo hadi Daftari. Isipoipata, au ikipatikana mara mbili, malipo yanaenda Utata yakiwa vile vile yalivyoandikwa.

Namba ya risiti ndiyo mlinzi wako. Kila malipo yana yake, kwa hivyo hata ukiendesha makro mara tatu kwa siku, hakuna pesa itakayohesabiwa mara mbili.

Hatua ya 4: Jumlisha

Kwenye laha ya Nyumba, seli D2, andika:

=SUMIF(Daftari!D:D,A2,Daftari!C:C)

Na kwenye E2: =C2-D2

Vuta fomula hizo hadi nyumba ya mwisho. Sasa ile 9,000 na 5,000 za B4 zinakuwa 14,000, na deni linasoma 0. Mwezi mpya ukianza, tengeneza nakala ya faili na ufute mistari ya Taarifa, Daftari na Utata, ukiacha vichwa.

Utata kwanza, mlango baadaye

Hii ndiyo sheria kuu ya somo hili: usimwambie msimamizi abishe mlango wowote kabla laha ya Utata haijaisha. Mtu aliyeandika jina lake, au ndugu aliyemlipia kutoka Kisumu, yuko humo. Muulize mpangaji namba ya risiti iliyo kwenye ujumbe wake, itafute Utata, kisha uhamishe mstari huo kwa mkono hadi Daftari na urekebishe namba ya nyumba. Makro haitaurudia, kwa sababu risiti yake tayari iko Daftari.

Faida ya ziada: ushuru

Kodi za nyumba za makazi zikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka bila kupita milioni 15, mwenye nyumba hulipa KRA asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea. Kiwango hicho kilianza Januari 2024. Awali kilikuwa asilimia 10. Malipo ya kila mwezi hufanywa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Ukiwa na Daftari safi, jumla ya kodi uliyopokea mwezi huo unaipata papo hapo.

Jilinde

- Usifungue faili yenye makro uliyotumiwa na mtu usiyemjua. Makro inaweza kuharibu au kuiba data.
- Usiweke PIN wala nywila kwenye laha yoyote.
- Usitume orodha ya wanaodaiwa kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Majina na malipo ya wapangaji ni data ya kibinafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Jaribu kwanza na taarifa ya mwezi uliopita, ambao majibu yake tayari unayajua. Hesabu zikilingana na zile za kitabu chako, mwezi ujao itegemee makro.