Mtoto Anatembea, Lakini Wapi? Kupima Mwendo wa Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo

Mama anapoingia kliniki na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, swali la kwanza tunalomuuliza ni kama mtoto anatembea. Hujibu ndiyo au bado, nasi tukaliandika jibu lake katika jalada na kuendelea na mengine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini jibu hilo halitoshi, na vipimo vipi mganga wa wilaya au mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuvifanya bila mashine ya gharama.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mtindio wa ubongo ni hitilafu ya kudumu ya mjongeo na mkao wa mwili, itokanayo na madhara yaliyoupata ubongo ukiwa bado unakua. Si jina jingine la udumavu wa akili, ingawa mitaani hutumiwa hivyo. Katika utafiti wa jamii uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2017, hali hii ilikadiriwa kuwapata watoto 2.9 katika kila 1,000. Hawa si wagonjwa adimu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpima mvulana wa miaka saba. Alitembea ukumbini mwa kliniki, kwenye sakafu laini, bila kushika chochote, nami nikaridhika. Aliporudi baada ya miezi mingi, nilimuuliza mama yake anaendeleaje na shule. Akaniambia, "Daktari, hapa kwenu kuna sakafu. Kwetu kuna mchanga na korongo. Mimi ndiye ninayembeba." Nyumbani mtoto alikuwa akijishikilia kutani, na mwaka mzima alikuwa amehudhuria shule siku zile tu ambazo mama aliweza kumbeba. Alihitaji fremu ya kutembelea tangu siku ya kwanza. Sikumwandikia kwa sababu nilipima uwezo wake mahali ambapo haishi.

Mfumo wa madaraja unaotumika zaidi duniani, GMFCS, ulikusudiwa kuepusha kosa la namna hiyo. Ulitungwa na Robert Palisano na wenzake nchini Kanada mwaka 1997, na mwaka 2007 ukapanuliwa kufikia umri wa miaka 18. Mtoto hupangwa katika daraja moja kati ya matano kwa kuzingatia anachokifanya kwa kawaida, si anachoweza kukifanya mara moja akihimizwa. Kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili, daraja la kwanza ni yule atembeaye kila mahali na kupanda ngazi bila kushika. Wa pili hutembea, lakini humwia vigumu penye mabonde, umbali mrefu au msongamano. Wa tatu hutumia magongo au fremu. Wa nne hutegemea zaidi kiti cha magurudumu au kubebwa, na wa tano hupata shida hata kuimarisha kichwa na kiwiliwili. Kwetu huku kuna jambo la kuongeza: mtoto asiye na fremu kwa sababu haipatikani huonekana wa daraja la nne ilhali angekuwa wa tatu. Mimi huandika daraja, kisha pembeni huandika kifaa anachokikosa.

Daraja hili lina uzito katika maamuzi. Katika utafiti wa jimbo la Victoria, Australia, uliochapishwa mwaka 2006, hapakuwa na mtoto wa daraja la kwanza ambaye nyonga yake ilianza kutoka mahali pake, bali katika daraja la tano walikuwa 90 katika kila 100. Nyonga hutoka polepole, mara nyingi bila maumivu mwanzoni, hivyo picha ya mionzi huombwa kwa kufuata daraja, si kwa kusubiri malalamiko.

Kipimo cha pili ni cha Kerr Graham na wenzake wa Melbourne, kilichochapishwa mwaka 2004. Humuuliza mzazi mtoto anatumia njia gani kwa mita 5, 50 na 500, yaani nyumbani, shuleni na mitaani. Dakika tatu zinatosha. Ningekuwa nacho siku ile, mchanga na korongo vingejitokeza mapema.

Baada ya maswali ndipo tutazame mwendo wenyewe. Mtoto avae kaptura, atembee peku kisha na viatu, naye mtaalamu amrekodi kwa simu kutoka mbele na kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga. Hapa nataka tusimame kidogo. Mtoto anayetembea kwa vidole huchukuliwa mara moja kuwa na kano fupi ya kisigino. Tazama ubavuni: pengine goti na nyonga zimekunjika, na kifundo cha mguu kipo sawa kabisa. Kisigino hakigusi chini kwa sababu ya goti. Mlaze kitandani, nyoosha goti, upandishe wayo juu, kisha rudia goti likiwa limekunjwa. Ukipanda vizuri katika hali zote mbili, kano si fupi. Ukipanda goti likikunjwa tu, kilichofupika ni msuli wa juu wa kigimbi. Daktari akirefusha kano ambayo haikuwa fupi, mtoto hupoteza nguvu ya kigimbi, magoti huzidi kukunjika, naye aliyekuwa akitembea kwa vidole huanza kuchuchumaa akitembea. Kulirekebisha hilo ni vigumu mno.

Mwisho, madhara ya ubongo katika hali hii hayaendelei kuongezeka. Mtoto akipoteza hatua alizokuwa nazo, tafuta sababu: misuli iliyofupika, nyonga, kifua kikuu cha uti wa mgongo, au kwamba utambuzi wa awali haukuwa sahihi. Yupo mtoto ambaye asubuhi hutembea vyema na jioni hukakamaa asiweze kusimama. Huyo huenda ana ugonjwa mwingine, unaoitika vizuri sana kwa dozi ndogo ya levodopa. Kwa hiyo muulize mama pia kuhusu jioni.